Mazungumzo Kuhusu Kutoa na Kutia Vioo vya Magari

(Mazungumzo haya yametayarishwa kwa ajili ya madereva, maafisa usafiri, mafundi wa karakana na wananchi wenye magari katika visiwa vya Unguja na Pemba.)



Miongoni mwa kazi zifanywazo katika karakana, kazi ya kutia kioo ndiyo idharauliwayo kuliko zote. Mtu ambaye injini ya gari lake imefunguliwa husubiri siku mbili au tatu bila ya kunung'unika. Lakini yule aliyebadilishiwa kioo cha mbele hutaka kuondoka kabla fundi hajanawa mikono. Sababu yake ni kwamba injini huonekana kuwa ni kitu cha kitaalamu, ilhali kioo huchukuliwa kuwa ni pazia la kuzuia upepo na mvua tu. Dhana hiyo si sahihi, na madhumuni ya mazungumzo haya ni kuisahihisha.

KAZI YA KIOO CHA MBELE

Katika magari mengi yaliyotengenezwa katika miongo ya karibuni, kioo cha mbele kimegandishwa kwenye bodi kwa gundi yenye nguvu nyingi, na kwa hivyo kimekuwa ni sehemu ya bodi yenyewe. Gari linapopinduka, kioo hicho husaidia kulizuia paa lisiwabonyee abiria. Gari linapogonga, huwazuia waliomo ndani wasirushwe nje. Fauka ya hayo, katika magari mengi yenye mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria, mfuko wa upande wa abiria wa mbele hufumka kwa kishindo, hupanda juu na kuegemea kioo kabla ya kumpokea mtu. Iwapo gundi haijashika, mfuko huo hukisukuma kioo nje, na abiria hukosa kinga katika sekunde ile ile anayoihitaji.

Kwa mnasaba huo, kinachobeba roho za watu si kioo peke yake. Ni kioo, gundi na chuma kilicho chini ya gundi, vyote vitatu kwa pamoja. Kioo huonekana na kila mtu. Gundi na chuma havionekani baada ya kazi kwisha, na hapo ndipo penye hatari.

AINA MBILI ZA VIOO

Gari huwa na vioo vya aina mbili, na kila aina ina tabia yake.

Aina ya kwanza ni kioo cha tabaka. Hiki ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, na katikati yao pana ngozi ya plastiki angavu ambayo kwa kawaida unene wake ni milimita 0.76. Kikipigwa na jiwe hupasuka, lakini vipande hubaki vimenata kwenye plastiki. Asili ya fikra hii ni ya mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus. Yasimuliwa kuwa mwaka 1903 chupa ya maabara ilimponyoka ikaanguka, ikapasuka bila ya kutawanyika, kwa kuwa ndani yake palikuwa na utando wa dawa uliokauka. Mwaka 1909 alisajili uvumbuzi wake. Aina hii ndiyo itumiwayo kwa kioo cha mbele.

Aina ya pili ni kioo kilichokazwa kwa moto. Kioo hupashwa moto hadi kupindukia nyuzi joto 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa upepo mkali. Uso wake hujikaza na kuwa na nguvu kuliko kioo cha kawaida. Kinapovunjika hakitoi vipande virefu vyenye makali, bali humwagika chote mara moja kuwa chembe ndogo ndogo butu. Aina hii aghlabu hutumika milangoni na nyuma. Ifahamike kwamba kioo hiki hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kukazwa, kwani kikiguswa na kekee hulipuka chote. Fundi anayeahidi kukipunguza kidogo kioo cha mlango ili kienee anaahidi jambo lisilowezekana.

Kuzitambua aina hizi si kazi kubwa. Kwenye pembe ya kioo huwa pana chapa ndogo inayotaja aina yake. Katika vioo vilivyoidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa mna pia herufi E na nambari ndani ya duara, na nambari hiyo huonesha nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza na 43 ni Japani. Kabla ya kununua kioo kilichotumika, mnunuzi aisome chapa hiyo. Kioo kisichokuwa na chapa yoyote kisitiwe mbele ya gari.

UFA MDOGO NA UFA MKUBWA

Si kila kioo kilichodhurika ni cha kutolewa. Jiwe la kifusi linaporuka kutoka gurudumu la gari la mbele, aghlabu huacha kidoa kidogo mfano wa nyota. Kidoa kama hicho, kikiwa kidogo na kikiwa mbali na ukingo wa kioo na mbali na mahala pa macho ya dereva, huweza kujazwa kwa utomvu maalumu na kioo kikaendelea kutumika. Sharti lake ni kuwahiwa kabla hakijaingia maji na vumbi. Wakati wa kungoja fundi, kizibwe kwa utepe safi wa plastiki.

Ama ufa uliofika ukingoni, au unaopita mbele ya macho ya dereva, hauna dawa ila kubadilisha kioo. Madereva wajihadhari pia na mambo yanayourefusha ufa: kumwagia maji baridi kioo kilichokaa juani, kuelekeza ubaridi wa kiyoyozi moja kwa moja kwenye kioo cha moto, na kufunga milango kwa kishindo huku vioo vyote vimepandishwa. Na kwa kuwa visiwa hivi ni vya minazi, inafaa kukumbushana kuwa kivuli cha mnazi si maegesho.

KIOO CHA MPIRA

Magari ya zamani, malori mengi na baadhi ya magari ya kazi ngumu hushikiliwa vioo vyao na mpira uliozunguka pande zote. Mpira huo una mifereji miwili: mmoja hukumbatia kioo, wa pili hukumbatia ukingo wa bodi.

Kukitoa, waipa hufunguliwa kwanza, pamoja na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma iwapo kimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Ukiwapo mkanda mwembamba uliopachikwa katikati ya mpira ili kuukaza, nao huvutwa ukatoka. Kisha mdomo wa mpira hulegezwa kwa kijiti cha mbao au cha plastiki, si kwa bisibisi kali, kwani bisibisi huchana mpira na kukwaruza rangi. Fundi mmoja hukaa ndani na kusukuma taratibu kutoka pembe ya juu, na mwenzake husimama nje akipokea. Kazi hii si ya mtu mmoja.

Kabla ya kurejesha, ukingo wa bodi husafishwa na kutazamwa kama una kutu. Mpira uliokauka na kupasuka usirudishwe, kwani utavujisha maji tangu masika ya kwanza. Mpira mzuri huvishwa kwenye kioo, kisha kamba imara ya unene wa kama milimita 5 hulazwa ndani ya mfereji wa nje ikizunguka kote, na ncha zake mbili hukutanishwa chini katikati. Mfereji hupakwa maji ya sabuni ili kuuteleza. Mafuta ya injini na petroli visitumike, kwa sababu huuharibu mpira.

Kioo huwekwa mahali pake kutoka nje, na ncha za kamba huingizwa ndani ya gari. Aliye ndani huivuta kamba polepole, na kila inapotoka huuvusha mdomo wa mpira juu ya ukingo wa bodi. Aliye nje hukibonyeza kioo kwa kiganja, akifuata pale kamba ilipofika. Wakikubaliana mwendo, kioo hukaa bila ya nguvu nyingi. Wakipishana, kioo hupasuka mikononi mwao.

KIOO CHA GUNDI

Magari madogo mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani ni ya kioo cha gundi, na hapa ndipo ufundi unapohitajika zaidi.

Kwanza, dashibodi na sehemu za rangi hufunikwa. Waipa, kifuniko kilicho chini ya kioo na mapambo ya pembeni hufunguliwa. Gundi ya zamani hukatwa kwa kisu maalumu kilichopinda, au kwa waya mwembamba wa chuma uliosokotwa. Waya hupenyezwa katika gundi, ukashikwa na mtu mmoja ndani na mwengine nje, wakauvuta kwa zamu kama msumeno kuzunguka kioo chote. Wanaofanya kazi hii wavae glovu na miwani. Kioo kikishaachia, huinuliwa na watu wawili kwa vikombe vya mpira vya kunyonyea.

Pili, na hili ndilo wengi wanalokosea, gundi ya zamani haikwanguliwi yote hadi kwenye chuma. Hupunguzwa kwa kisu mpaka ubaki utando wa milimita 1 hadi 2, uliolala sawasawa. Utando huo, iwapo bado umeshika barabara, ndio msingi bora wa gundi mpya. Kila mahali kisu kilipokwaruza na kufichua chuma, hapana budi pasafishwe na kupakwa praima ya chuma, kisha paachwe pakauke.

Suala la kutu lina uzito wa pekee katika visiwa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma kilichokwaruzwa, khasa mahala pasipoonekana. Gundi hata ikiwa bora namna gani hushika kile ilichopakwa juu yake. Ikipakwa juu ya kutu, inashika kutu, na kutu haikushika kitu. Kwa hivyo ukingo ulioliwa utengenezwe kwanza na mfundi wa bodi, hata kama kufanya hivyo kutachukua siku nyingine nzima.

Tatu, kioo kipya hujaribiwa kikavu ili kuona kama kinaenea, na alama huwekwa kwa utepe. Kisha pembezoni mwake, penye ule ukanda mweusi, husafishwa kwa dawa yake na kupakwa praima ya kioo iwapo mtengenezaji wa gundi ameagiza hivyo. Ukanda mweusi huo haukuwekwa kwa urembo, bali huikinga gundi na miale ya jua ambayo ingeidhoofisha. Baada ya kusafishwa, pasiguswe tena kwa vidole, kwani mafuta ya mkono huzuia gundi kushika.

Nne, gundi itumikayo ni ya poliyurethani iliyotengenezwa khasa kwa vioo vya magari. Ncha ya mrija wake hukatwa mfano wa herufi V, ili gundi itoke kama mgongo wa pembetatu uliosimama. Hupakwa kwa mfululizo, bila ya kukatika, kuzunguka kote, na ncha mbili hukutana na kuunganishwa vizuri. Mwanya mdogo tu unatosha kuingiza maji. Kioo huwekwa mara moja, kabla gundi haijafanya ngozi, hubonyezwa kwa kiasi na kushikizwa kwa utepe.

Silikoni ya kuzibia vyoo na madirisha ya nyumba si badala ya gundi hiyo. Haina nguvu ya kubeba kioo cha gari, na ile yenye harufu ya siki hutoa tindikali inayolisha kutu. Aidha, tarehe iliyo juu ya mrija wa gundi isomwe. Gundi hii ina umri, na umri huo hupungua inapowekwa ghalani penye joto. Mrija uliopita muda wake usitumike hata kama ulinunuliwa kwa bei kubwa.

Tano, baadhi ya magari mapya yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, inayomsaidia dereva kubaki katika njia yake au kufunga breki. Magari hayo yakibadilishwa kioo, kamera hupaswa kupimwa upya kwa chombo chake. Dereva asiitegemee kabla ya kupimwa.

VIOO VYA MILANGO NA VYA NYUMA

Kioo cha mlango kikivunjika, chembe zake nyingi huangukia ndani ya mlango. Mfuniko wa ndani wa mlango hufunguliwa, karatasi ya plastiki iliyo nyuma yake hubanduliwa bila ya kuchanwa, na chembe zote hutolewa. Zikiachwa huikwaruza reli, hukwaruza kioo kipya na huziba vitundu vya chini vya kutolea maji. Mlango uliozibwa vitundu hujaa maji ya mvua na kuoza kwa ndani.

Kioo kipya hushushwa kutoka juu kikiwa kimelazwa upande, huingizwa katika reli zake na kufungwa kwenye mashine ya kukipandisha. Hupandishwa na kushushwa mara kadhaa kabla ya skrubu kukazwa. Karatasi ya plastiki irudishwe na kubandikwa, kwani ndiyo inayozuia maji yasiingie kwa abiria. Ama kioo cha nyuma chenye mistari ya umeme ya kuondolea ukungu, nyaya zake zichomolewe kwanza, na kioo kisisuguliwe kwa wembe.

MUDA WA KUSUBIRI

Gundi ya poliyurethani ya aina iliyozoeleka haikauki kama rangi. Huiva kwa kunyonya unyevu wa hewa, na huiva kutoka nje kwenda ndani, kwa kasi ya milimita chache tu kwa siku. Ndiyo maana huonekana kavu kwa juu ilhali ndani bado ni laini. Mtengenezaji wa gundi huandika muda ambao gari lisiondoke kabla yake. Gundi za haraka huhitaji kiasi cha saa moja, na nyingine huhitaji saa nyingi zaidi, hata siku nzima. Joto na unyevu wa visiwa hivi husaidia, lakini haviondoi sharti hilo. Anayejua muda ni maandishi ya mrija, si kidole cha dereva.

Gari likishaondoka, kwa siku moja au mbili lisioshwe kwa maji ya mkandamizo, utepe usibanduliwe, na kioo kimoja cha mlango kiachwe wazi kidogo ili mlango unapofungwa hewa isikisukume kioo kipya.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Chukuliwe mfano wa gari la ofisi lililoko Wete. Kioo chake kimepasuliwa na jiwe, fundi amemaliza kutia kipya saa tatu asubuhi, na mrija wa gundi umeandikwa saa nne za kusubiri. Mkubwa wa kazi anatakiwa awahi boti Mkoani. Anauliza, "Kimekwisha?" Fundi anajibu, "Kimekwisha, bwana, lakini hakijashika." Mkubwa anakiangalia kioo, anakiona kinang'aa, na anaamuru safari. Dereva hana la kusema. Barabarani watoto wa skuli wanavuka ghafla, dereva anakata kona, gari linapinduka mtaroni. Kioo kilichong'aa asubuhi kinachomoka chote, na paa linashuka.

Katika mfano huo kila mtu alikuwa na sababu. Fundi alisema kweli, dereva alitii, na mkubwa alikuwa na kazi ya umma ya kuwahi. Lakini neno "hakijashika" lilisemwa kwa sauti ndogo, na halikuandikwa popote. Kwa ajili hiyo yanapendekezwa mambo haya:

Fundi aandike kwa mkono wake, kwenye karatasi ibandikwe juu ya usukani, saa aliyotia kioo, saa ambayo gari linaruhusiwa kuondoka, na jina la gundi iliyotumika.

Afisa usafiri asitoe ufunguo kabla ya saa hiyo, na katika kitabu cha gari aandike saa zote mbili. Akijua kuwa kuna safari, apange gari jengine mapema au kazi ya kioo ipangwe jioni, ili usiku uwe ndio wakati wa kusubiri.

Dereva anayekataa kuondoka kabla ya saa iliyoandikwa asihesabiwe kuwa amekaidi amri. Anatekeleza wajibu wake.

Mkubwa wa kazi aisome karatasi iliyo juu ya usukani kama anavyosoma barua yoyote ya kiserikali. Cheo hakiivishi gundi.

Mwananchi mwenye gari lake, naye amuulize fundi maswali matatu kabla ya kulipa: chuma cha chini kilikuwaje, gundi ni ya aina gani na ina tarehe gani, na gari liondoke saa ngapi. Fundi mwema hufurahi kuulizwa. Anayekasirika kwa maswali hayo, mteja ana haki ya kumtilia shaka.

HITIMISHO

Ndugu wananchi, wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala la vioo vya magari, mara nyingine ufa umezibwa na ukuta umejengwa, ila haukupewa muda wa kukauka. Saa chache za kungoja kivulini ni gharama ndogo. Kiti kilicho tupu ofisini na nyumbani, baada ya ajali ambayo ingeweza kuepukwa, ni gharama isiyolipika.

Kila mmoja basi, awe fundi, dereva, afisa au mwenye gari, aiheshimu saa iliyoandikwa.